Nyumba Isiyo na Dari

Simu ya msiba ilinikuta jikoni kwangu Songea nikichambua dagaa. Niliipokea kwa sikio la kulia, kama ninavyopokea simu zote, kwa kuwa la kushoto halijasikia kitu tangu mwaka ule niliokaa Mtwara nikiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Kijana aliyepiga alijitambulisha kuwa ni mjukuu wa Bi Somoe wa Chuno, kule Mtwara, mwenye nyumba tuliyopanga. Bibi amefariki, alisema, na siku zake za mwisho alikuwa akiniulizia: “Yule Vero, mke wa karani, yuko wapi siku hizi?” Nikampa pole. Nikauliza yale yanayoulizwa, aliugua nini, anazikwa lini. Kisha nikakata simu, nikawafunika dagaa wangu bila kuwamaliza. Haikuwa huzuni, nisiseme uongo. Ilikuwa hasira, tena ile ya zamani kabisa, ambayo nilidhani imekwisha kwa kuwa nilikuwa nimeacha kuitaja. Wanangu walinikataza kwenda. Walisema maziko sitayawahi, safari ni ndefu, na ni msiba wa watu ambao hata wao hawajawahi kusikia majina yao. Nikapanda basi. Nilitaka kuwaona waliobaki wa nyumba ile, na nilitaka kujua wanaikumbukaje.

Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu uliotoka barazani hadi uani. Iliezekwa mabati na haikuwa na dari, kwa hiyo kuta ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye bati hewa ilikuwa ya wote. Samaki akikaangwa chumba cha mbele, sisi wa nyuma tulijua ni samaki gani. Mtu akipiga chafya, alijibiwa “afya” kutoka vyumba viwili vitatu kwa mpigo. Mimi na mume wangu tulikuwa chumba cha mwisho, na jirani yetu wa ukutani alikuwa Mama Neema, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, watu wa bara kama sisi, tuliosali nao kanisa moja. Taa yetu na yao ilikuwa moja, imetundikwa juu ya ukuta ili iangaze pande zote mbili, na swichi ilikuwa kwake. “Vero, nizime?” angeuliza kila usiku, nami ningejibu, “Ngoja kidogo, namalizia pindo.” Alikuwa akingoja. Ndiye aliyenifundisha kupika kisamvu kwa nazi bila kukata tui, na ndiye aliyenipeleka sokoni mara ya kwanza, kunionyesha mama wa Kimakonde anayeuza ming'oko, vile viazi pori vya kule, iliyochemka vizuri. Tulikula ming'oko ile tumekaa kwenye ngazi ya uani, tukimenya kwa meno, tukiwasema watu wa kwaya. Sijawahi kupata rafiki kama yule kabla yake, na baada yake sikutaka tena.

Mume wangu, Fidelis, alikuwa karani bandarini. Watu walimpenda, na siwalaumu kwa hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimpenda kabla yao. Aliitengeneza redio ya Saidi, fundi cherehani, mpangaji mwenzetu aliyeshona barazani, bila kutaka hata shukrani. Akitoka Mnazi Bay kwa rafiki zake wavuvi alirudi na changu na pweza, akaweka beseni ukumbini na kugonga mlango mmoja baada ya mwingine: “Haya, njooni mchague.” Jumapili jioni tulikwenda kutembea Shangani, kando ya bahari, sisi na Mama Neema na Mwalimu na mtoto wao, na Fidelis ndiye aliyembeba Neema mabegani akimwonyesha meli. Ukimtazama pale Shangani, shati jeupe, mtoto shingoni anacheka, ungesema huyu binti wa watu amebahatika. Bi Somoe alisema hivyo hasa. “Mwanangu, umepata mume,” aliniambia, na mimi nikashukuru.

Mara ya kwanza aliponipiga ilikuwa saa ya chakula cha jioni. Alisema nimecheka na Saidi barazani. Maumivu yake nimekwisha kuyasahau, lakini namna nyumba ilivyonyamaza naikumbuka kana kwamba ni jana. Kabla ya kofi la kwanza Mama Neema alikuwa anakwangua sufuria kwa mwiko, Neema anasoma silabi kwa sauti, ba, be, bi, na cherehani ya Saidi inakwenda kule mbele. Baada ya kofi vyote vikakoma kwa pamoja. Nilikuwa chini, mkono usoni, na nikawaza: wamesikia, sasa wanakuja. Nilisubiri mlango ugongwe. Badala yake redio ya Mwalimu ikaongezwa sauti, cherehani ikaanza tena, kwa kasi kuliko mwanzo, na Neema akaambiwa, “Endelea kusoma, mama.” Mtoto akaendelea.

Asubuhi nilikwenda kwa Mama Neema kuomba kaa la moto. Alinipa. Aliniongezea na kipande cha muhogo, akasema, “Kula, mwenzangu, umekonda,” huku macho yake yako miguuni pangu. Ilikuwa hivyo miezi yote iliyofuata. Alinifulia shuka, alinichemshia maji ya chumvi ya kukanda uso, alinifunika kwa khanga yake nilipotoka nje jicho limevimba ili wapita njia wasione. Siku moja nikamuuliza wazi, “Mama Neema, jana mlisikia?” “Kusikia nini?” alijibu haraka mno. Kisha akashusha sauti: “Mambo ya mume na mke hayo, Vero. Leo nikiingia, kesho mmepatana, mbaya nabaki mimi. Halafu Mwalimu naye ananikataza. Na Saidi yupo, mwanamume mzima, mbona yeye hatoki?” Niliyasikia na majibu ya wengine, bila kuuliza, kwa kuwa kuta zilikuwa fupi kwa upande wangu pia. Saidi alimwambia mteja wake kwamba Mwalimu ndiye mtu wa heshima pale, akisema neno atasikilizwa. Mwalimu alimwambia mkewe kwamba nyumba ina mwenyewe, Bi Somoe ndiye wa kukemea. Na Bi Somoe alimwambia mgeni wake wa kahawa, “Wale Wakristo, wana padri wao, mimi nitaingilia nini?” Kila mmoja alikuwa ameniweka mikononi mwa mwenzake, na wote walilala wakiwa na hakika kwamba niko mikononi mwa mtu.

Msimu wa korosho ulipokwisha akaja mgeni. Alikuwa Bi Esha, binamu yake Bi Somoe, mkulima wa Mahurunga, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Mguu wake ulikuwa na donda lisilopona, na hospitali ya mkoa ilimtaka aje kusafishwa kila mara, basi akatandikiwa godoro ukumbini. Hakuwa mgeni mwepesi. Maji ya Chuno yalikuwa na chumvi, chai yetu ilikuwa na sukari nyingi, watoto walikanyaga kwa kishindo. Mimi hakunipenda kabisa. “Wewe binti viatu vyako vinalia kama punda,” aliniambia nilipompa shikamoo ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, mtu alimwita “ntu” na mtoto “ntoto,” na Mama Neema alikuwa akimwigiza uani tunacheka hadi machozi.

Jumapili moja tulitoka misa ya kwanza, nikapika wali, tukala. Nilikuwa nimemuuliza Mwalimu kwa siri kama chuo cha ualimu huchukua wanawake walioolewa. Sikumwambia kwa nini nauliza. Njiani kutoka kanisani, kwa nia njema au kwa kutojua, sijui mpaka leo, Mwalimu akampongeza Fidelis kwa kuwa na mke mwenye kiu ya kusoma. Fidelis alicheka naye. Alicheka hadi nyumbani, akala, akanawa, akafunga mlango. Ilikuwa mchana mweupe. Wote walikuwapo. Kofi liliponipata sikioni nilisikia mlio mmoja mrefu, kisha upande ule ukazimika. Baada ya hapo mikono ikaja shingoni, na nikajua kwamba safari hii hakukusudia kuacha, kwa sababu alikuwa amenyamaza. Siku nyingine zote alikuwa akisema maneno. Nilipata pumzi moja, nikaitumia yote: “Jamani, nakufa!” Nimelifikiria neno lile miaka mingi, lile jamani. Ni neno la kuwaita watu wote, na kwa hiyo hakuna aliyeitwa. Cherehani ilikuwa imekoma. Redio ikapanda.

Kisha kitu kizito kikapiga mlango wetu. Ulikuwa mchi wa kinu. Bi Esha alikuwa ameinuka kutoka kwenye godoro lake, amekuja akichechemea na bandeji yake. “Hamna ntu humu ndani?” alipiga kelele. “Mnasikia ntoto wa wenzenu anauawa?” Hakuna aliyejibu. Ndipo akaanza kuita majina. “Somoe! Toka! Wewe fundi, Saidi, acha hiyo cherehani yako, toka! Mwalimu! Nakuita wewe, Mwalimu! Mama Neema!”

“Abee,” akaitika Mama Neema.

Aliitika kwa upole, kama mtu aliyeitwa akachukue chumvi. Na sauti yake ilitoka karibu mno. Isingekuwa ukuta, ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa. Hakuwa uani wala kitandani. Alikuwa amesimama pale pale, pumzi yake na yangu zikitenganishwa na udongo na chokaa, na alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo. Nililijua hilo huku mikono ya mume wangu iko shingoni, na niseme kweli, liliniuma kuliko mikono. Milango ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio aliowaitia. Saidi na Mwalimu wakasukuma, kitasa kikang'oka. Fidelis akaniachia, akarekebisha kola ya shati, akawaambia, “Karibuni.” Na nusura waseme ahsante.

Hospitalini walinishona mdomo uliopasuka na kuniambia sikio lisubiriwe. Lilisubiriwa. Nilikwenda polisi mwenyewe, na kesho yake askari akaja Chuno kuwauliza waliokuwapo. Nilikaa barazani, shingo imevimba, nikimtazama kila mmoja anavyotoa maelezo. Saidi alisema mashine yake ina kelele, mtu hasikii kitu. Mwalimu alisema alikuwa anasahihisha madaftari na redio iko juu. Bi Somoe alisema masikio yake ya uzee hayana kazi tena, yeye aliyejua kuwa mpangaji amerudi kwa mlio wa ndala zake. Nilibaki nimemwekea tumaini mmoja. Mama Neema alikuja amejifunga khanga ile ile aliyokuwa akinifunikia uso. Askari akamuuliza alisikia nini. Alinitazama, mara moja tu. “Nilikuwa nimelala,” akasema. Bi Esha peke yake ndiye aliyesimulia yote, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akimwonyesha kila mtu kwa kidole. Askari alimsikiliza mpaka mwisho. “Mama, wewe ni mwenyeji wa hapa?” “Mimi ntu wa Mahurunga, mgeni.” Askari akashukuru, akaondoka, na mambo yakaishia hapo. Jioni ile Fidelis alirudi kutoka kazini kama kawaida na nyumba nzima ikampa pole kwa usumbufu.

Lawama zilimwangukia Bi Esha, ingawa aliyekwenda polisi ni mimi. Bi Somoe alimwita ukumbini, akamwambia mbele yetu kwamba ameitia nyumba aibu, ameleta polisi kwa wapangaji waliokuwa wakiishi kama ndugu. Bi Esha alisikiliza huku anafungasha nguo zake kwenye khanga. “Kuishi kama ndugu,” alisema, “basi mie nakwenda kuishi na wasio ndugu.” Nikamuuliza, nikiwa nimesimama mlangoni na kifurushi changu, kama naweza kufuatana naye. Alinitazama kwa kuchukizwa hasa. “Viatu uvae vingine,” akasema. Tulipopita uani Mama Neema alikuwa anaosha vyombo. Aliniuliza, “Utarudi lini?” kana kwamba nakwenda sokoni. Nikazidi kutembea, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake kwa miaka karibu arobaini.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule nilikaa Mahurunga. Tulifika kwa lori la mchele, na barabara ilikuwa mchanga mtupu. Nilijifunza kukaa kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, kupiga debe kuwafukuza viboko walipopanda kutoka mtoni kuja kula mpunga, na mtu mmoja akipiga debe la hofu, madebe yote ya bonde yalijibu. Nisiseme nilikuta malaika. Kuna siku kibanda cha mjane mmoja kiliungua, na nusu ya kijiji walikuja kutazama tu, mikono nyuma. Bi Esha aliwatukana wote, na ndiyo maana wengi hawakuwa na hamu naye. Jioni moja tukila ugali wa muhogo na perege nikamuuliza kwa nini alitoka siku ile, yeye ambaye hata hakunipenda. Alifikiri huku anachambua miiba. “Mguu ulikuwa unaniuma,” alisema. “Nilitaka kulala. Na wewe unapiga kelele. Nikangoja ntu atoke, hatoki. Nikangoja tena. Nikaona hawa watu wote wanangoja, na mimi nangoja nao, sasa tutangoja mpaka lini?” Akaninyooshea kipande cha samaki kisicho na mwiba. Mwaka ulipokwisha nilipata nafasi ya chuo, mbali na Mtwara, na nikawa mwalimu. Fidelis alihamishwa bandari nyingine, akaoa tena. Namhurumia huyo aliyemwoa. Fidelis mwenyewe sina la kumwambia. Alikuwa adui yangu na nilimjua. Bi Esha alifariki nikiwa nasomesha, nilimzika.

Nyumba ya Chuno sasa ina dari ya mbao za kisasa na vigae sakafuni. Nilifika siku ya kisomo, wanaume wamejaa turubai la nje, wanawake uani wanachambua mchele kwenye sinia. Saidi alikwisha kufa, Mwalimu pia. Mama Neema alikuwapo, mnene, mweupe kichwa chote, amekaa katikati ya wakwe zake na mabinti wa jirani. Aliponitambua alipiga kelele ya furaha, akanikumbatia, akalia begani kwangu, na mimi nikashangaa kwamba harufu yake bado naijua. Nikapewa mkeka na sinia. Haukupita muda akaanza kuwasimulia vijana. “Huyu mnayemwona tulimtoa kwenye mdomo wa kifo. Mumewe alitaka kumuua humu humu ndani. Nyumba nzima tulitoka! Mimi ndiye niliyepiga yowe la kwanza.” Mabinti wakaguna kwa huruma, wakaniangalia wakisubiri nishukuru. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, kwa kusahau, hata kwa kuomba radhi. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Alilisema bila kupepesa macho, na niliona kwamba analiamini.

“Mama Neema,” nikasema, “aliyepiga yowe anaitwa Esha. Ninyi mlitoka mlipoitwa majina.”

Mikono ikasimama juu ya mchele. Mkwewe mmoja akainuka akasema anakwenda kuangalia maji. Nami nikainuka, nikaingia ndani, nikasimama ukumbini nikijaribu kukadiria chumba chetu kilikuwa wapi, maana wamebomoa kuta na kupanua. Alinifuata. “Vero, unanifanyia nini mbele ya wakwe zangu?” Alikuwa na hasira. “Miaka yote hiyo! Nilikuwa na mtoto. Mwalimu alinishika mkono, alisema nikifungua mlango nisirudi. Ulitaka nifanye nini?”

“Hilo la mlango nililielewa zamani,” nikamwambia. “Uliogopa. Hata mimi nilimwogopa. Mimi nauliza kesho yake. Askari alikuwa amekaa pale, mume wangu hayupo, nawe umeulizwa swali moja. Nilitaka useme ulisikia. Basi.”

Nje walikuwa wameanza kusoma, sauti nyingi pamoja. Alisogea akaegemea ukuta, na nilipomwona vile nikakumbuka kwamba ni mtu mzee.

“Ningesema nilisikia,” alisema mwishowe, polepole, “si angeniuliza kwa nini sikutoka?”

Hakuna aliyenijibu hivyo kabla yake, si Saidi, si Bi Somoe aliyeniulizia kitandani, si mtu yeyote. Lilikuwa jibu la kweli, na nilipolipata nikaona halikunipunguzia kitu. Kwa ajili ya swali hilo moja ambalo angeulizwa na askari, aliniacha peke yangu barazani na shingo yangu. Machozi yalikuwa yanamtoka tena, safari hii bila sauti.

“Umenisamehe, Vero?”

“Bado,” nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei akaona ni ya haki. Kisha tukatoka uani, maana mchele ulikuwa haujaisha na wageni walikuwa wengi, tukakaa kila mtu kwenye sinia yake.